Kadi ya LAN inagoma Linux ikiwaka: kabla hujapiga OS upya pitia hapa

Wakuu, hili tatizo nakutana nalo sana hapa Dar, hasa kwa wenye steshenari, ofisi ndogondogo na vijana wanaojifunza seva nyumbani. Mashine ya Linux inawaka vizuri tu, ila ukichomeka waya wa netiweki hakuna kitu, au inaganda kwenye maandishi meupe dakika kadhaa ndo ifunguke, na ikifunguka intaneti bado hamna. Akiitwa fundi jibu la kwanza ni "tupige upya", mashine inafutwa, kazi za wateja zinaenda na maji, afu wiki ijayo tatizo liko palepale maana chanzo hakikuguswa. Naomba tuiache hii tabia. Linux ikishindwa kuwasha kadi ya waya huwa inaandika imeshindwa wapi, wewe kazi yako ni kuiuliza kwa mpangilio.

Na mpangilio wenyewe ndo huu, usiuruke: mashine inaiona kadi? Draiva (programu inayoiendesha kadi) imeishika? Waya una uhai? Jina lililoandikwa kwenye setingi ndo jina la kadi leo hii? IP (anwani ya mashine kwenye netiweki) imekuja? Na kama vyote viko sawa, je havijachelewa tu wakati wa kuwaka? Hilo la mwisho ndo watu wengi hawalifikirii, na kwa umeme wetu huu unaokatika na kurudi ndo linawatesa watu kuliko yote, nitalikalia sana huko chini.

Kwanza tafuta intaneti ya kuazima

Huwezi kushusha draiva bila intaneti, kwa hiyo chukua simu yako ya Android, chomeka kwa waya wa USB, ingia kwenye setingi za hotspot uwashe kushea kwa USB. Linux nyingi inaitambua hapohapo bila kuinstoli kitu, utaona jina kama `usb0` au refu linaloanza na `enx`. Bando la kawaida linatosha, mafaili tutakayoshusha hapa ni madogo, kinachokula bando ni kuapdeti mfumo mzima, hiyo usifanye saa hizi.

Hii pia ni kipimo tosha. Intaneti ya simu ikipita, basi mfumo wako mzima, DNS (inayogeuza majina ya saiti kuwa IP) na brauza ni wazima, tatizo liko kwenye kadi ya waya na setingi zake tu. Umeshapunguza nusu ya kazi.

Waya kabla ya komandi

Zunguka nyuma ya mashine uangalie taa za tundu la LAN. Zikiwa zinawaka kuna umeme unapita kati ya kadi na swichi (kiboksi kinachogawa waya za netiweki), zikiwa zimezima kabisa usianze kuhangaika na draiva, jaribu kwanza waya mwingine unaojua ni mzima, na tundu lingine la swichi. Angalia pia pini za kichwa cha waya, kwa sisi tunaokaa karibu na bahari, Kigamboni, Msasani, Kunduchi huko, hewa ya chumvi inaota ukijani kwenye pini na waya uliokuwa mzima mwaka jana leo unashika na kuachia. Kata kichwa, krimpi kipya. Rangi kwa mpangilio wa T568B ni nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia, na pande zote mbili ziwe hivohivo. Urefu usizidi mita 100 kutoka swichi hadi mashine.

Sasa fungua teminali (dirisha la kuandikia komandi):

`ip link`

Tafuta mstari wenye `enp` kitu, `eno1` au `eth0`. Ukiona `NO-CARRIER` maana yake kadi iko hai, imewashwa, ila haisikii chochote upande wa pili, hapo ni waya au swichi. Ukiona `LOWER_UP` waya ni mzima, twende mbele. Ukiona `state DOWN` bila neno NO-CARRIER basi hakuna aliyeiwasha, jaribu `sudo ip link set enp2s0 up` (weka jina la kwako) afu angalia tena.

Kama una `ethtool` iendeshe, `sudo ethtool enp2s0`, chini kabisa inasema `Link detected: yes` au `no`, na juu kuna `Speed`. Kadi ya gigabiti ikikuonyesha 100Mb/s kwenye swichi ya gigabiti, mara nyingi kuna jozi ya waya haijagusa, maana 100 inahitaji jozi mbili tu na 1000 inataka zote nne. Netiweki inafanya kazi ila inafanya kwa kuchechemea, na siku moja haitawaka kabisa.

Mashine inaiona kadi?

`lspci -nnk | grep -A3 -i ethernet`

Hii komandi ikariri. Kwa mashine nyingi tunazonunua Kariakoo za mtumba, zile HP, Dell na Lenovo za ofisini, itakuja ama Realtek ama Intel. Mfano:

`02:00.0 Ethernet controller [0200]: Realtek ... RTL8111/8168/8411 ... [10ec:8168]`
`Kernel driver in use: r8169`
`Kernel modules: r8169`

Mstari wa kwanza ni kadi yenyewe, na hizo namba `10ec:8168` ndo kitambulisho chake halisi, ukitafuta msaada popote tafuta kwa hizo namba maana ndo zinazosema ni chipu za familia gani. Mstari wa pili ndo wa maana zaidi, unasema draiva gani imeishika sasa hivi. Kama huo mstari haupo kabisa, kadi inaonekana lakini haina draiva. Kama hata mstari wa kwanza haupo, Linux haioni kadi, basi usipoteze muda kwenye setingi za Linux, ingia BIOS (setingi za bodi, kabla Linux haijawaka) utafute kitu kama Onboard LAN au Integrated NIC uone kama kimezimwa.

Na kwanini kizimwe wakati hujagusa? Kibetri. Mashine za mtumba nyingi zinakuja na kibetri cha CR2032 kilichochoka, umeme ukikatika BIOS inasahau kila kitu na kurudi kwenye setingi za kiwandani, saa inarudi miaka ya nyuma huko. Dalili yake ni tarehe. Andika `timedatectl`, ikikuambia tarehe ya ajabu badili kibetri, ni bei ndogo tu kwenye maduka ya saa. Na hiyo tarehe mbovu ina balaa lake lingine, LAN inaweza kuwa nzima kabisa lakini brauza inakataa kila saiti kwa kulalamikia usalama, na `apt` inasema faili la Release `is not valid yet`. Mtu anadhani netiweki mbovu kumbe saa tu.

Draiva, femuwea na keneli

Hapa muulize keneli (kiini cha Linux) mwenyewe:

`sudo dmesg | grep -iE 'r8169|e1000e|tg3|eth|enp|firmware'`

Realtek za kawaida zinatumia `r8169`, Intel za mashine za ofisini `e1000e`, Broadcom nyingi `tg3`. Soma taratibu, usiogope wingi wa maandishi, unatafuta maneno `failed`, `unable`, `error`.

Ukiona `Unable to load firmware rtl_nic/...` na mwisho namba -2, hiyo -2 maana yake faili la femuwea (programu ndogo inayopakiwa ndani ya kadi) halipo. Kwenye Debian weka `firmware-realtek`, na kuanzia Debian 12 ya mwaka 2023 iko kwenye fungu linaloitwa `non-free-firmware`, hakikisha hilo neno lipo kwenye `/etc/apt/sources.list`. Ubuntu vyote viko ndani ya `linux-firmware`. Kwa Realtek mara nyingi kadi inafanya kazi hata bila hilo faili, ila kadi za Broadcom za seva zinazotumia `bnx2` bila femuwea haziwaki kabisa.

Kama mashine ni mpya na kadi ni ya 2.5G, ile RTL8125, ujue `r8169` ilianza kuijua kwenye keneli 5.4. Ukiinstoli mfumo wa zamani wenye keneli 4.19, kama Debian 10, itakaa kimya tu. Dawa ni keneli mpya zaidi.

Sasa kuna hii ambayo kwa hapa kwetu ni ya kila siku. Mashine ilikuwa inaapdeti, umeme ukakata katikati. Umerudi, mashine inawaka na keneli mpya ambayo mafaili yake hayakumalizika kushuka, draiva hazipo, LAN hamna, saa nyingine hata sauti na WiFi hamna. Angalia:

`ls /lib/modules/$(uname -r)`

Ikisema hakuna folda hiyo au iko tupu, umeshampata mwizi. Ristati, shika Shift au gonga Esc wakati inaanza hadi menyu ya GRUB (ya kuchagua cha kuwasha) itokee, chagua Advanced options, uchague keneli ya zamani. LAN ikirudi hapo hapo, malizia iliyokatika:

`sudo dpkg --configure -a`
`sudo apt -f install`

Kuwaka na keneli ya zamani ni jaribio la kufanya hata kama hukukatikiwa na umeme, yaani kama tatizo limeanza tu baada ya kuapdeti basi hilo liwe la kwanza. Hasa kwa waliojiwekea draiva ya Realtek ya nje, ile `r8168-dkms`, maana hiyo inatakiwa kujengwa upya kila keneli ikibadilika, na kama `linux-headers` (mafaili ya kujengea draiva) za keneli mpya hazipo haijengeki, na wakati huohuo ile `r8169` ya ndani imepigwa marufuku na faili lililoachwa ndani ya `/etc/modprobe.d/`. Kadi inabaki yatima. `dkms status` itakuonyesha, na kama huna sababu maalum ya kuitumia hiyo ya nje, itoe, futa hilo katazo, endesha `sudo update-initramfs -u`, uwashe upya. Ushauri wangu kwa keneli za miaka hii, tumia `r8169` ya ndani kwanza, ya nje iwe baada ya hiyo kushindwa.

Kama draiva ipo ila kadi inakuja kiajabu, ijaribu kuitoa na kuirudisha:

`sudo modprobe -r r8169 && sudo modprobe r8169`

Ikikubali baada ya hapo, kadi ni nzima, inaamka vibaya tu mwanzoni. Baadhi ya Realtek zinasumbuliwa na kubana umeme kwa PCIe (njia inayounganisha kadi na bodi), ukiongeza `pcie_aspm=off` kwenye mstari wa `GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT` ndani ya `/etc/default/grub` afu `sudo update-grub`, zinatulia. Kwa laptopu itakula chaji zaidi kidogo, kwa desktopu haina shida.

Na wenye Windows na Linux kwenye mashine moja, sikilizeni hapa. Tangu Windows 8 kuna kitu kinaitwa Fast Startup, ukizima Windows haizimi kweli, inalala, na kadi ya LAN inaweza kuachwa usingizini. Ukiingia Linux baadae `NO-CARRIER`, taa zimezima, unabadilisha waya mpaka unachoka. Jaribio lake ni rahisi, zima mashine, chomoa waya wa umeme kabisa, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kadhaa, rudisha umeme, ingia Linux moja kwa moja bila kupita Windows. Ikikubali, rudi Windows ufungue CMD kama administrator uandike `powercfg /h off`, na kwenye sifa za kadi ya Realtek zima ile Shutdown Wake-On-Lan.

Jina limebadilika, setingi hazijui

Zamani kadi ya kwanza ilikuwa `eth0` basi. Tangu systemd (programu inayowasha huduma za Linux) toleo la 197 la mwaka 2013 jina linatokana na mahali kadi ilipo, `enp2s0` maana yake basi namba 2, sloti 0. Ni mpango mzuri ila una mtego mmoja, ukiongeza kitu kwenye bodi namba za basi zinaweza kusogea.

Kuna steshenari moja Sinza mwenye mashine alinunua kadi ya grafiki ya mtumba ili afanyie kazi za kudizaini kadi za harusi, akachomeka, skrini ikapendeza, LAN ikafa. Akaambiwa grafiki imeua bodi. Tulipofungua `ip link` kadi ya LAN ilikuwa pale nzima na taa zinawaka, ila sasa inaitwa `enp3s0`, wakati faili la `/etc/network/interfaces` limeandikwa `enp2s0` toka siku ya kwanza. Mashine ikiwaka inamtafuta `enp2s0`, hayupo, inakata tamaa. Tarakimu moja tu ndo ilifunga duka asubuhi nzima, na wateja wamepanga foleni na maombi yao ya ajira kwenye fleshi.

Unaweza kubadilisha hiyo namba ukaishia hapo, lakini ukija kuongeza SSD ya NVMe kesho itasogea tena. Bora uifunge kwa MAC (namba ya utambulisho ya kadi yenyewe). Andika faili `/etc/systemd/network/10-lan0.link` lenye:

`[Match]`
`MACAddress=00:11:22:33:44:55`
`[Link]`
`Name=lan0`

Weka MAC ya kwako unayoiona kwenye `ip link` pale penye `link/ether`. Usilipe jina la `eth0` maana linagongana na majina ya keneli. Afu `sudo update-initramfs -u`, na kwenye setingi zako zote tumia `lan0`. Kwa Ubuntu ya seva yenye netplan (mfumo wa setingi za netiweki), ambayo ilianza kutumika toka 17.10, fanya humohumo ndani ya faili la `/etc/netplan/`:

`ethernets:`
`  lan0:`
`    match:`
`      macaddress: "00:11:22:33:44:55"`
`    set-name: lan0`
`    dhcp4: true`

Mtindo huu wa kuandika unaitwa YAML, hautaki tab, ni nafasi tu, na mstari ukisogea nafasi moja faili zima linakataliwa. Usitumie `netplan apply` moja kwa moja hasa kama uko mbali na mashine, tumia `sudo netplan try`, hiyo usipobonyeza Enter ndani ya sekunde 120 inarudisha setingi za zamani yenyewe.

Diski iliyohamishwa kutoka mashine nyingine nayo ina kesi hii, maana setingi zilifungwa na MAC ya kadi ya kule. Kwenye mifumo ya zamani angalia `/etc/udev/rules.d/70-persistent-net.rules`, ukilikuta lifute, ndo linalofanya kadi yako pekee iitwe `eth1`.

Nani anaiendesha kadi?

Linux ina wasimamizi watatu wa netiweki wanaotumika sana, NetworkManager kwenye desktopu, systemd-networkd kwenye seva za Ubuntu, na ile ya zamani ya Debian inayosoma `/etc/network/interfaces`. Kadi moja iwe na msimamizi mmoja. Watu wanafuata maelekezo ya huku kidogo na ya kule kidogo mpaka kadi ina mabosi wawili, au haina hata mmoja.

`nmcli device status`

Ikisema `unmanaged`, NetworkManager ameambiwa asiiguse. Kwenye Debian sababu kubwa ni kwamba kadi imetajwa ndani ya `/etc/network/interfaces`, basi NetworkManager anaiacha. Kama ni desktopu, weka `#` mbele ya mistari ya hiyo kadi, acha ile ya `lo`, afu `sudo systemctl restart NetworkManager`. Ikisema `unavailable`, hapo ni waya, rudi juu. Ikisema `disconnected`, kadi iko tayari ila hakuna setingi inayojiwasha:

`nmcli -f NAME,DEVICE,AUTOCONNECT connection`

Ukiona `no` kwenye AUTOCONNECT hiyo ndo sababu kila asubuhi lazima mtu abonyeze kwa mkono. Andika `sudo nmcli connection modify "Wired connection 1" connection.autoconnect yes`, badilisha jina liendane na la kwako. Na kama kila kitu kimekufa kwa pamoja hebu andika `nmcli networking`, ikijibu `disabled` andika `nmcli networking on`, imeisha hiyo.

Umeme umerudi, ruta bado inaamka

Sasa tuje kwenye lile nililosema. Mashine ikiwaka asubuhi hakuna netiweki, ukichomoa waya na kuuchomeka tena inakubali, au ukiristati mara ya pili inakubali. Draiva nzima, jina sahihi, waya mzima. Watu wanasema kadi imechoka. Kadi haijachoka, ni nani aliyewaka kwanza.

Fikiria umeme umekatika usiku, umerudi alfajiri, na mashine imesetiwa kwenye BIOS ijiwashe umeme ukirudi. Mashine yenye SSD inawaka sekunde chache tu na kuanza kuomba IP. Swichi imeshawaka, kwa hiyo taa zipo na Linux inaona waya ni mzima. Ila ruta inayogawa IP bado inajiandaa, nyingine zinachukua dakika kadhaa mpaka zisimame. NetworkManager anaomba IP anasubiri sekunde 45, anajaribu mara 4, afu anaipumzisha hiyo setingi dakika 5. Ile ya zamani ya Debian ikishashindwa mara nyingi inakaa hivohivo mpaka mtu aandike `ifup` au aristati. Ruta ikija kuwa tayari hakuna anayeiuliza tena.

Kuhakikisha soma kumbukumbu za kuwaka kwa leo:

`journalctl -b -u NetworkManager | grep -i dhcp`

kwa seva weka `systemd-networkd` au `networking` badala yake. Linganisha saa. Ukiona maombi ya DHCP (njia ya kuomba IP kwa ruta) yanaisha muda, na baadae sana ndo inapata, jibu limeshapatikana. Ukiona IP inayoanza na 169.254 ni habari ileile, mashine imejipa yenyewe baada ya kukosa wa kuipa.

Dawa zake ziko kadhaa. Ya kwanza, mwambie NetworkManager asikate tamaa:

`sudo nmcli connection modify "Wired connection 1" connection.autoconnect-retries 0 ipv4.dhcp-timeout 120`

Hiyo 0 maana yake jaribu bila kikomo. Ya pili, kwa seva au mashine yenye printa inayoshewa, ipe IP ya kudumu, hapo haimsubiri mtu, ila hakikisha namba hiyo iko nje ya zile ruta inazogawa, la sivyo siku moja simu ya mteja itapewa IP ya seva yako. Ya tatu na mimi ndo naipenda, weka ruta na swichi kwenye UPS ndogo ya kwao peke yao, zile za 12V, baada ya kusoma lebo ya adapta ujue volti na ampea. Ruta isipozima, tatizo lote halipo.

Maofisini kuna ndugu yake huyu. Swichi za kisasa zenye setingi zinatumia spanning tree (kinga ya netiweki isijizungushe yenyewe), mashine ikiwaka tundu linasikiliza sekunde 15 na kujifunza sekunde nyingine 15 kabla halijaruhusu kitu kupita. Nusu dakika nzima taa zinawaka na hakuna pakiti inayopita. Muombe anayesimamia swichi awashe portfast (tundu liruhusu hapohapo bila kusubiri) kwenye matundu ya kompyuta za kawaida, asiiwashe kwenye tundu linaloenda swichi nyingine.

Inaganda inasubiri netiweki

Ukiona `A start job is running for Raise network interfaces` na saa inahesabu kuelekea dakika 5, hiyo ni Debian au Ubuntu ya zamani, na kwenye `/etc/network/interfaces` kadi imeandikwa `auto`. Ibadilishe iwe `allow-hotplug enp2s0`, haitazuia mashine kufunguka. Ukiona `Wait for Network to be Configured` hiyo ni ya systemd-networkd, inasubiri mpaka sekunde 120, na sababu kubwa ni kwamba kuna kadi iliyotajwa ambayo haina waya. Kwa netplan ongeza `optional: true` chini ya hiyo kadi.

Watu wengi wanaizima kabisa hiyo huduma ya kusubiri. Kwa desktopu sawa, lakini kama mashine inapachika folda za seva nyingine kwa NFS ikiwaka usiizime kizembe, ongeza `_netdev,nofail` kwenye mstari wake ndani ya `/etc/fstab` kwanza. Na `systemd-analyze blame` itakutajia kila aliyechelewesha na sekunde zake.

Ikiwa kadi imekufa kweli

Inatokea, hasa masika, radi ikipiga karibu na kuna waya mrefu wa LAN umepita nje kutoka jengo moja kwenda jingine, tundu la LAN ndo linaondoka na bodi inabaki nzima. Ukishajaribu waya mzima, keneli nyingine, BIOS, kuchomoa umeme, na pia umewasha Linux ya kwenye fleshi bila kuinstoli na bado hamna, kubali. Ila bodi usiitupe. Nunua adapta ya USB ya LAN yenye chipu ya Realtek RTL8153 au ASIX AX88179, keneli inazijua zote mbili, unachomeka inafanya kazi. Ichomeke kwenye tundu la USB 3 upate gigabiti. Kadi iliyokufa izime BIOS ili Linux isiendelee kuihangaikia kila ikiwaka, na jina jipya la `enx` lifunge kwa faili la `.link` kama pale juu.

Ukimaliza yoyote kati ya haya usijaribu kwa kuristati tu, maana kuristati kadi haipotezi umeme na ruta iko macho muda wote, itakubali na kesho asubuhi itagoma tena. Zima mashine, zima ruta na swichi, chomoa vyote ukutani, subiri dakika, washa vyote kwa swichi moja ya ukutani kama umeme unavyorudi wenyewe, usiguse kitu. IP ikija bila mkono wako mwambie mwenye mashine afungue duka.